MITA YA BETRI INADANGANYA? KABLA HUJARUDISHA HELA YA MTEJA, ANGALIA WAYA MWEUSI

Somo la leo ni kwa wale tunaouza vitu vya sola mtandaoni: betri, inveta, na hizi mita ndogo zinazoonyesha asilimia ya betri. Kama unauza nguo au viatu soma tu, maana mwisho kuna kitu chako pia.

Niseme ukweli mapema. Mimi si injinia. Nimeishia kidato cha nne na fizikia nilipata D. Haya niliyoandika hapa nimejifunza kwa kula hasara, kwa kuuliza mafundi na kwa kukaa usiku na betri mezani nikipima.

ILIVYONITOKEA

Kuna kaka mmoja ana saluni ya kiume Kibaha. Alinunua kwangu mita ya betri, ile yenye kioo kidogo na kipande cha chuma kinachoitwa shanti. Bei shilingi 65,000. Nikaifunga vizuri, nikaituma kwa basi, akapokea, akashukuru. Biashara imeisha, nikajua nimemaliza.

Wiki ya pili, siku ya mvua, ananipigia kwa hasira. "Mdogo wangu umeniuzia kimeo. Mita inaniambia betri iko 95%, inveta inapiga kelele na kuzima. Nina mteja kwenye kiti nimemnyoa nusu kichwa!"

Nikamwomba radhi. Kabla sijajibu zaidi, kwenye grupu la WhatsApp la wafanyabiashara tayari nimepostiwa: jihadharini na huyu kijana, anauza feki. Mjue mtu akishakuita tapeli, hata ukirudisha hela jina halirudi.

Nikarudisha hela, mita ikarudi. Nikaifunga kwangu kwenye betri yangu, nikawasha taa, nikapima. Inasoma sawasawa kabisa! Nikaona hapa kuna jambo. Nikapanda gari hadi Kibaha kwenda kuangalia alivyofungiwa.

Nilipofungua boksi la betri, jibu lilikuwa pale pale. Waya mweusi wa inveta, ule mnene, fundi alikuwa ameufunga moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Taa na chaja za simu ndizo zilizopita kwenye shanti. Nikamuuliza fundi kwa nini, akasema nati ya shanti ilikuwa ndogo kwa ule waya, halafu alitaka inveta "ipate nguvu yote".

Sasa piga hesabu. Inveta yenye tivii, feni na mashine za kunyolea ilikuwa inavuta kama ampea 16. Taa na simu kama ampea 1. Kafungua saa 2 asubuhi, imezima saa 7 mchana, saa tano hizo. Betri ya Ah 100 imetoa Ah 85. Lakini mita imeona Ah 5 tu zilizopita kwake. Kwa hiyo ikaandika 95%, na kwa upande wake haikukosea. Ilihesabu ilichokiona.

Kibaya zaidi, namba zilikuwa zinasogea. Akizima taa namba inabadilika, akiwasha inabadilika. Ndiyo maana aliiamini. Na betri ya asidi ukiimaliza namna hiyo mara kwa mara, inakufa mapema. Kwa hiyo kosa la waya mmoja linaua betri ya laki kadhaa.

MITA INAHESABUJE?

Wengi wanadhani mita ya asilimia inapima volti tu. Zipo za hivyo, za bei chee. Lakini volti peke yake inapotosha, hasa betri za lithiamu zile za LiFePO4. Hizi volti yake inakaa karibu palepale, kwenye 13.2 hivi, kuanzia ikiwa imejaa kiasi mpaka inakaribia kuisha. Ukitegemea volti utaona "iko sawa, iko sawa", halafu giza.

Mita nzuri inahesabu umeme unaoingia na unaotoka, kama konda wa daladala anavyohesabu abiria mlangoni. Walioingia anajumlisha, walioshuka anatoa, anajua ndani wamebaki wangapi. Shanti ndiyo mlango wenyewe.

Sasa nyie wa Mbagala mnajua habari ya watu kupandia dirishani. Konda anaweza kuwa mwaminifu na hesabu anaijua, lakini kama kuna watu wanapita dirishani, hesabu yake ni bure. Waya wowote mweusi uliofungwa kwenye hasi ya betri bila kupita kwenye shanti ni dirisha lililo wazi.

Shanti yenyewe ni kitu rahisi. Ni kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo sana unaojulikana. Umeme ukipita, unaacha volti kidogo kati ya ncha mbili. Ile iliyoandikwa 100A 75mV maana yake ni kwamba ampea 100 zikipita, inatoa milivolti 75. Zikipita ampea 10, inatoa milivolti 7.5. Mita inasoma hizo milivolti na kuzigeuza kuwa ampea.

Shika hapo: milivolti 7.5. Betri ya tochi moja tu ina volti 1.5, yaani milivolti 1,500. Tunapima kitu kidogo mno. Ndiyo maana mahali unapofunga ethi, yaani ule upande wa hasi, panaamua kila kitu.

KOSA LA 1: HASI INAYORUKA SHANTI

Ndilo la saluni. Kanuni ni moja, mkaririshe mteja wako: kwenye nguzo ya hasi ya betri uende waya mnene mmoja tu, unaokwenda kwenye shanti upande wa betri. Hasi nyingine zote, ya inveta, ya kontrola ya sola, ya taa, ya redio, zifungwe upande wa pili wa shanti.

Ukiona matatizo haya, jua kuna waya umeruka:

- Mita inabaki juu, 90 na kitu, halafu umeme unakata. Mzigo mkubwa haupiti kwenye shanti.
- Mita inashuka kila siku hadi 0% wakati betri inajaa vizuri. Hapa kontrola ya sola au chaja ndiyo imefungwa moja kwa moja kwenye betri. Matumizi yanahesabiwa, kuchaji hakuhesabiwi. Ukitumia Ah 40 kwa siku kwenye betri ya Ah 100, siku ya kwanza 60%, ya pili 20%, ya tatu sifuri. Betri iko nzima.
- Ukiwasha kitu namba ya ampea haisogei kabisa. Hicho kitu kinapita dirishani.

Angalizo la betri ya lithiamu yenye BMS: "hasi ya betri" kwako ni ile inayotoka nje ya BMS, iliyoandikwa P-. Usije ukachukua waya kutoka B- ndani kwa kuogopa kupita kwenye shanti. Hapo umeiruka mita na umeruka ulinzi wa betri pia. Hiyo ni hatari.

Angalizo la kontrola za bei ndogo: nyingi zinakata na kuwasha upande wa hasi. Kama taa zimefungwa kwenye matundu ya mzigo ya kontrola, ziache hapo hapo. Ukizihamishia hasi yake kwenye shanti, kontrola haiwezi tena kuzizima betri ikiisha. Kinachotakiwa kuhamia kwenye shanti ni hasi ya kontrola inayokwenda kwenye betri.

KOSA LA 2: VIWAYA VYEMBAMBA VIMEFUNGWA MAHALI SIPO

Shanti ina nati mbili kubwa na skrubu mbili ndogo. Nati kubwa ni za umeme mzito. Skrubu ndogo ni za viwaya vya kusomea. Fundi mwenye haraka anachukua kiwaya cha kusomea anakibana chini ya nati kubwa pamoja na waya mnene, au anakipeleka mpaka kwenye nguzo ya betri kwa sababu "si zote ni hasi, zimeungana".

Zimeungana ndiyo, lakini hazilingani. Waya nao una ukinzani wake. Shanti ya 100A 75mV ina ukinzani wa miliomu 0.75. Waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, sentimita 10 tu, una karibu miliomu 0.29. Ukifunga kiwaya cha kusomea ng'ambo ya hizo sentimita 10, mita inapima shanti pamoja na waya. Ampea 10 za kweli zitaonekana kama 13.8. Sentimita 10 tu, mita inazidisha zaidi ya theluthi! Waya ukiwa sentimita 30, namba inazidi mara mbili.

Ni kama kupima mchele pamoja na gunia lake na jiwe ndani. Mizani ni nzima, ila umeweka na visivyohusika.

Na hilo kosa halitulii. Shaba ikipata joto ukinzani unaongezeka, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi joto moja. Mchana wa jua boksi la betri likichemka mita inasema hivi, usiku inasema vile. Shanti nzuri hutengenezwa kwa mchanganyiko wa madini unaoitwa manganini, ambao ukinzani wake haubadiliki sana kwa joto. Sasa wewe ukiichanganya na waya wa shaba, umetupa faida yote uliyolipia.

Nati iliyolegea au yenye kutu nayo ni hivyohivyo. Inaweza kuwa na ukinzani kuliko shanti yenyewe. Kwa hiyo viwaya vya kusomea vikae kwenye skrubu ndogo, ambazo umeme mzito haupiti.

KOSA LA 3: MITA KUTUMIA KIWAYA CHA KUSOMEA KUJILISHA

Hili lilinisumbua mwezi mzima. Umezima kila kitu, mita inasema ampea 0.9 zinatoka. Zinatoka kwenda wapi? Hakuna.

Mita nayo inakula umeme, hasa taa ya kioo. Tuseme miliampea 20. Kama fundi ameunganisha hasi ya kulisha mita na kiwaya cha kusomea vikawa kimoja, halafu hicho kiwaya ni chembamba, milimita 0.5 za mraba, na kina urefu wa mita moja, basi chenyewe kina miliomu 34. Umeme wa mita ukirudi humo unaacha milivolti 0.69. Kwa shanti yetu hizo ni sawa na ampea 0.92 za uongo. Kwa siku nzima ni Ah 22. Betri ya Ah 100 imepoteza 22% kwenye karatasi tu, hakuna kilichotumika. Kutegemea na upande, inaweza pia kuonyesha inachaji usiku wa manane. Mteja akiona hivyo atakuambia mita ina majini.

Dawa yake: kila waya upite njia yake. Kama mita ina waya wake mweusi wa kulisha, uende peke yake mpaka nati iliyoonyeshwa kwenye mchoro wa mita hiyo. Usiusokote na wa kusomea katikati ya njia. Mchoro nao ufuate, maana mita hazifanani.

KOSA LA 4: NJIA MBILI ZA KURUDI

Hii ni kwa wenye pikipiki, bajaji na mikokoteni ya umeme, au pale boksi la chuma limefungwa kwenye hasi. Umeme hauchagui njia moja, unagawanyika kwenye njia zote zilizo wazi. Ile yenye ukinzani mdogo inabeba zaidi.

Mfano njia ya shanti ina miliomu 2, na fremu ya chuma inayorudi kwenye betri ina miliomu 6. Robo tatu inapita kwenye shanti, robo inapita kwenye fremu. Ampea 20 zikitumika, mita inaona 15. Utadhani mita imechoka, kumbe fremu inaiibia. Fremu ikihitaji ethi, ifungwe upande wa mzigo wa shanti, sehemu moja.

WANAOUZA PAWABENKI NA BETRI ZILIZOFUNGULIWA

Ndani ya saketi mambo ni yaleyale, kwa udogo. Saketi nyingi za kupima betri hutumia rezista ndogo ya miliomu 10 au 5 badala ya shanti ya nati. Njia ya shaba kwenye saketi, unene wa kawaida wa maikroni 35, ikiwa na upana wa milimita 2 na urefu wa milimita 10, ina karibu miliomu 2.5. Ukisomea ng'ambo ya hiyo njia badala ya kwenye ncha za rezista yenyewe, kwa rezista ya miliomu 10 umekosea 25%.

Kwa hiyo ukinunua pawabenki iliyofunguliwa na kuchomelewa upya, angalia waya mweusi uliochomelewa. Ukihamishiwa upande wa selo badala ya baada ya rezista, asilimia itaonyesha uongo milele. Usiuze mzigo huo kama mzima.

JARIBIO LA DAKIKA KUMI

Mtumie mteja hatua hizi kabla hamjaanza kugombana:

1. Zima kila kitu, na zima sola. Mita isome 0.00 au karibu kabisa na hapo. Isiposoma, rudi kosa la 3.
2. Washa kifaa kimoja kimoja. Kila kimoja lazima kisogeze namba. Kisichosogeza kimeruka shanti.
3. Washa kuchaji peke yake. Alama ya mkondo lazima igeuke, ionyeshe unaingia.
4. Washa mzigo mkubwa, shika waya mnene kwa klampumita, linganisha na mita. Hakikisha klampumita inapima DC, maana nyingi za bei ndogo zinapima umeme wa Tanesco tu.
5. Hakikisha ukubwa wa betri umeingizwa sahihi. Betri ya Ah 200 ukiiandika 100, waya wote ukiwa sawa bado utadanganywa.

Usalama jamani: kabla ya kushika nyaya tenganisha paneli kwanza, ndipo betri, na kwenye betri anza na hasi. Kontrola nyingi zinaharibika ukitoa betri wakati paneli inaleta umeme. Spana isiguse nguzo mbili. Na fyuzi iwepo upande wa chanya.

SASA UPANDE WETU WAUZAJI

Baada ya Kibaha nilibadilisha mambo matatu.

Kwanza, namuuliza mteja kabla hajalipa: una inveta? Una kontrola? Betri ni ya asidi au lithiamu yenye BMS? Fundi unaye? Maswali manne tu, yanaokoa usumbufu wa wiki.

Pili, kila mzigo unatoka na karatasi yenye mchoro nilioupiga picha mwenyewe, na meseji hii. Inakili, itumie:

"Asante kwa kununua. Tafadhali mwambie fundi: kwenye hasi ya betri ufungwe waya wa shanti PEKE YAKE. Hasi za inveta, sola na taa zote ziende upande wa pili wa shanti. Viwaya vyembamba vifungwe kwenye skrubu ndogo. Akimaliza nitumie picha ya betri na shanti niikague bure."

Tatu, anayetaka kurudisha namwomba picha kwanza. Simkatalii, namwomba picha. Mara nyingi naona kosa kwenye picha, tunarekebisha kwa simu, mzigo haurudi. Na kama mita ni mbovu kweli, narudisha hela bila maneno mengi. Hapo nimekosa mimi.

Na wewe unayeuza viatu, chako ni hiki: mteja anayelalamika si lazima awe mwongo, na bidhaa yako si lazima iwe mbovu. Kaangalie alivyoitumia kabla hujarudisha hela au hujamjibu vibaya.

Yule kaka wa saluni? Nilimnunulia kilagi cha waya chenye tundu linaloingia kwenye nati ya shanti, fundi akahamisha ule waya mnene, dakika ishirini kazi imeisha. Mita ni ileile aliyoiita kimeo, akainunua tena. Kwenye grupu aliandika mwenyewe kwamba kosa lilikuwa la waya. Posti ya kwanza haikufutwa, watu wengine waliiona ile tu na hawakuona ya pili. Ndiyo maana nawaambia, uliza picha mapema.

Hifadhi posti hii, mtumie fundi wako. Kama mita yako inasumbua, weka picha ya betri na shanti kwenye komenti, tuiangalie pamoja.